Kaseti Zilizokatwa Sikio

Ukiuliza pale Kitengela nyumba ya Daktari ilikuwa wapi, utaulizwa kwanza, "Wa watu ama wa ng'ombe?" Ukijibu wa ng'ombe, mtu atakuonyesha ukuta wa mawe na lango la buluu, na atakuambia mzee alihama, alirudi kwao upande wa Kajiado, lakini sauti yake haijatoka hapo. Haongei juu ya sauti ya mdomo. Anaongea juu ya gita. Kwa miaka mingi, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, lango lile lilitetemeka kwa muziki wa roki kutoka Amerika, na mimi niliyekaa upande wa pili wa ukuta nilitetemeka pamoja nalo.

Wanaoandika habari za watu huanza na mtu alizaliwa wapi na baba yake aliitwa nani. Sijui, na sikuwahi kuuliza. Mimi si mtu wa kwenda kuulizauliza. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaona dunia inatosha, nikarudi kufuga kuku. Safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka mlangoni hadi bandani, na mvua ikinyesha huwa naifikiria kwanza. Kwa hivyo ninachojua kuhusu Daktari ni kile kilichopita juu ya ukuta, pamoja na kile alichonilazimisha kujua kwa kuniita.

"Baba Kuku! Toka huko ndani! Jua haliumi!"

Hilo ndilo jina alilonipa. Kuku kwake hawakuwa mifugo. "Hiyo ni mboga inayotembea," alisema, na alisema mbele yao. Lakini kila baada ya miezi mitatu alikuja kuwachanja bila kuitwa, amevaa tai shingoni na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na alimshika kila kuku kwa heshima kama ni fahali wa maonyesho. Nikisema asante, alinijibu, "Nilikuwa napita." Alikuwa anapita kwenda wapi, na uwanja wangu unaishia kwa choo?

Tai na gambuti zilikuwa sare yake. Tai ni kwa ajili ya mwenye ng'ombe, gambuti ni kwa ajili ya ng'ombe, alieleza. Wenye digrii walimwita afisa wa mifugo, wakikaza hilo neno afisa ili asijisahau. Wamaasai wenye mifugo kutoka Isinya mpaka Namanga walimwita Daktari, na hakuna ng'ombe aliyelalamika.

Alikuwa na sheria moja ya kazi: shika kwanza, useme baadaye. Mwenye ng'ombe angekuja mbio, ameanza kueleza kutoka langoni: amekataa kula tangu jana, nadhani ni jicho la mtu, nadhani ni maji ya ile bwawa. Daktari aliinua kidole kimoja. Kisha aliweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe, akafunga macho, akakaa hivyo hata dakika tano. Watu walinyamaza, hata mbwa. Akifungua macho alikuwa na jibu, na mara nyingi jibu lilikuwa la kweli. Siku moja alishika friji yangu iliyokuwa imegoma. Alifunga macho, akatikisa kichwa, akasema, "Pole. Hii ilikufa Jumanne." Nilikuwa nimeipigia kelele tangu Jumatano.

Mtu huyu aliyependa roki alichukia kelele. Hapo ndipo wengi walishindwa kumwelewa. Spika za baa ya jirani alizipeleka kwa chifu mara mbili. Vijana waliopita na pikipiki zenye muziki aliwasimamisha na kuwauliza kama wazazi wao wanajua. Na baada ya kuwafukuza aliingia stoo, akafungua sauti mpaka vigae vyangu vikacheza. Nilimwuliza tofauti iko wapi. Aliniangalia kwa huruma. "Ile ni kelele," akasema. "Hii ni kazi ya watu wanne waliokubaliana."

Stoo yenyewe ilikuwa chumba alichowekea dawa za kuogesha ng'ombe. Harufu ya dawa ile haikutoka kamwe. Mpaka leo nikisikia gita la umeme, pua yangu inatafuta kupe. Kaseti zilikaa kwenye rafu tatu, na kila kaseti ilikuwa na kadi yake, kama kadi ya ng'ombe wa maziwa. Jina. Asili. Umri. Magonjwa. Kwenye magonjwa aliandika mambo kama "matusi kidogo, wimbo wa tatu," ama "mpiga ngoma ana haraka." Kaseti mpya haikuingia stoo moja kwa moja. Ilikaa karantini siku kumi na nne ndani ya pikapu, akiisikiliza peke yake huko porini, na ikipatikana haina ugonjwa wa kuambukiza, ndipo ilipoletwa nyumbani na kukatwa sikio.

Ndiyo, sikio. Kwao Umaasaini, ndama hukatwa sikio kwa alama ya ukoo, na alama hiyo haifutiki, hata ng'ombe akipotea hadi mpaka wa Tanzania. Daktari alichukua kisu, akakitia moto, akatia mapengo mawili kwenye kona ya kasha na moja kwenye kaseti yenyewe, pale ambapo hakuna madhara. Nilimwambia kalamu ingetosha.

"Kalamu inafutika, Baba Kuku. Wewe umeona ng'ombe ameandikwa na kalamu?"

Sasa niseme habari za Pasta, kwa sababu huwezi kumchora Daktari bila Pasta kusimama kando yake.

Pasta alikuwa na kanisa la mabati ng'ambo ya barabara. Wazee wake walitoka Mkoa wa Kati, wakanunua ploti Kitengela wakati ploti zilikuwa bado na swara. Alikuja kwa Daktari mara ya kwanza kulalamika. Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya, na soprano walikuwa wameanza kuimba kwa mwendo wa roki bila kujua. Niliona akiingia langoni na Biblia mkononi kama mtu anayekwenda kutoa pepo. Nilisogeza kiti karibu na ukuta.

"Daktari, hii muziki yako inatuharibia ibada."

"Keti kwanza. Shika kwanza, useme baadaye."

"Nishike nini?"

"Sikiza moja. Moja tu. Ukiona ina ugonjwa, nitazima mpaka Yesu arudi."

Kumbe Pasta, kabla ya kuokoka, alikuwa mpiga gita wa shule. Alisikiza moja. Akaomba irudiwe pale katikati. Saa kumi na mbili jioni kwaya ilituma mtu kumtafuta, na ikampata amevua koti. Tangu wiki hiyo mazoezi ya kwaya yalihamishiwa Ijumaa, na Jumamosi ikawa ya wale wawili. Pasta naye alianza kuleta kaseti zake, akizitafuta kwa wauzaji wa mitumba mjini, na zote zilipita karantini na zote zilikatwa sikio. Ikawa kundi moja. Mwenye kujua ipi ilinunuliwa na nani alikuwa Mungu pekee.

Pasta akitaka kwenda na kaseti nyumbani, Daktari alimpa kwa sheria ya kwao. Mmaasai akiwa na rafiki, humpa ng'ombe akae naye. Rafiki anakamua, watoto wake wanakunywa, lakini sikio linabaki la mwenyewe. "Kamua upendavyo," alimwambia. "Kuuza hapana. Kuchinja hapana."

"Na akizaa?" Pasta alimchokoza.

"Unipigie simu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mpaka vita vya Wamarekani vilipofika Kitengela.

Havikuja na bunduki. Vilikuja na hema. Wageni kutoka Amerika walifanya semina ya wachungaji ya siku tatu. Walikuwa watu wazuri, walisalimia kila mtu na walikunywa chai yetu bila kuuliza maji yametoka wapi. Lakini siku ya tatu mmoja wao aliweka picha za wanamuziki kwenye ukuta wa hema na kueleza kwamba huko kwao nchi imegawanyika mara mbili. Kuna upande wa kanisa, familia na bendera, na kuna upande unaotaka kubomoa vyote vitatu. Muziki nao umegawanyika. Huyu ni wa huku, huyu wa kule. Aliwaomba wachungaji wakachome za kule. Pasta alipoangalia ukutani aliona nyuso nne za kaseti za rafu ya pili.

Alikuja Jumamosi hiyo lakini hakuvua koti. Nilikuwa pale, nimeleta kifaranga aliyepinda shingo.

"Daktari, kuna kaseti humu sitaweza kukaa nazo chumba kimoja."

"Zimekukosea nini?"

"Hao watu wanapigana na kanisa. Nimeonyeshwa."

"Umeonyeshwa picha. Umewashika?"

"Nina washirika wangu, mzee. Kesho nitasimama mbele yao. Nisimame vipi, na Jumamosi nilikuwa nikicheza na adui yao?"

Na hapo nitasema ukweli, ingawa nilimpenda mzee. Daktari angeweza kucheka. Angeweza kuzima redio, akamwambia mkewe, Mama Naserian, alete chai. Badala yake alikasirika. Yeye pia alikuwa na simu, na kwa miezi kadhaa alikuwa akisoma mambo ya Amerika.

"Sawa. Basi na wewe nikuambie. Hao wako wa kofia za wachunga ng'ombe, ambao unawaona watakatifu, wakikuona wewe Mwafrika barabarani kwao watavuka upande wa pili."

"Na hao wako wa nywele ndefu wakiniona kanisani watanicheka."

"Basi tugawane."

"Tugawane!"

Mama Naserian alikuwa ameleta chai. Alisimama mlangoni na birika.

"Mnagawana nini?" aliuliza. "Nyinyi hata kura hamna huko!"

Waligawana vile mifugo hugawanywa ndugu wakitengana: mlangoni, mmoja baada ya mwingine. Daktari alitoa kaseti, akataja jina lake kwa sauti, ikaenda kushoto ama kulia. Mimi nilipewa daftari. Nilikuwa nimekuja na kifaranga, nikaondoka nikiwa karani.

Shida ni kwamba yule mgeni alikuwa ametaja wanne tu kati ya wale wa stoo. Wengine wote hakuna aliyejua ni wa upande gani. Basi walihukumu kwa picha ya kasha. Aliyevaa kofia alikwenda kwa Pasta. Mwenye nywele ndefu alibaki kwa Daktari. Mmoja alikuwa na kofia na nywele ndefu pia, na nusu saa ikaisha hapo. Daktari, aliyewafundisha vijana wa wilaya nzima kwamba rangi ya ngozi ya ng'ombe haikuambii lolote kuhusu ini lake, siku hiyo aligawa kundi kwa ngozi. Niliandika. Nilikuwa karani.

Mwisho ilikuja kaseti ya mwimbaji mmoja mwenye kofia nyeusi. Hiyo niliijua hata mimi. Ndiyo aliyoipiga Daktari kila ng'ombe aliposhindwa kuzaa. Alikuwa akifungua mlango wa pikapu, sauti ya yule bwana ikatoka polepole, na wenye ng'ombe wa Kajiado wanaapa mpaka leo kwamba ndama walikuja kuangalia ni nani. Daktari aliishika muda mrefu.

"Kofia," akasema. "Yako."

"Daktari, hii si lazima..."

"Nimesema kofia! Chukua. Lakini alama siondoi."

"Baki na alama zako."

Ilibaki moja. Hiyo walishindwa. Waliirekodi wenyewe kutoka redioni, Jumamosi moja ya zamani: upande wa kwanza kuna kundi la nywele ndefu, upande wa pili kuna yule wa kofia nyeusi. Na mwishoni mwa upande wa kwanza, kwa sababu walisahau kuzima, ziko sauti zao wenyewe wakibishana. Huwezi kuikata katikati. Daktari aliniangalia. Pasta aliniangalia. Niliangalia kifaranga.

"Baba Kuku atakaa nayo," Daktari akaamua. "Haendi popote huyu. Haitapotea."

"Na haitoki kwake," Pasta akaongeza, "mpaka tuje sisi wawili."

Niliiweka kwenye mkebe wa majani ya chai, ikakaa huko miaka sita.

Miaka hiyo sita ilikuwa mirefu kwa ukuta wangu. Jumamosi saa nane muziki ulianza, lakini ulikuwa nusu, na hata mtu kama mimi, ambaye sijui gita lina nyuzi ngapi, nilisikia nusu ambayo haipo. Pasta alipita na gari lake kuukuu bila kugeuza shingo. Kwenye matanga walikaa mahema tofauti. Daktari akawa anabishana na Wamarekani kwenye simu mchana kutwa, na alibishana nao kwa Kiswahili. Nilimwambia hawaelewi.

"Wajifunze," akasema. "Mimi nilijifunza ya kwao."

Kuna aliyemjibu kwa kumtumia picha ya tai, yule ndege wa nembo yao. Daktari aliichunguza kitaalamu, akaandika kwamba ndege huyo anaonekana ana upungufu wa madini.

Halafu siku moja binti yake Naserian alikuja kutoka Nairobi, akamwonyesha video. Yule wa kofia nyeusi, sasa mzee, kofia ileile, amesimama jukwaani akiwaimbia watu wa upande ule mwingine. Upande wa nywele ndefu. Na kumbe alikuwa wao tangu zamani. Daktari aliitazama mara tatu, kisha akaja ukutani.

"Baba Kuku. Kofia ni wetu."

"Wetu nani?"

"Wa upande wetu."

"Kwani sisi tuko na upande?"

Aliingia ndani akatoka amevaa tai. Nikajua anakwenda ng'ambo ya barabara kushinda vita. Nilisogeza kiti. Alifika langoni, akashika komeo, akasimama pale kama anapima homa ya chuma. Kisha akarudi, akafungua tai.

"Sitamwambia."

"Lakini umeshinda, mzee!"

"Nikimwambia atachinja. Ile ndiyo kaseti anayosikiza akiandika mahubiri, mke wake alimwambia wangu. Akijua ni ya kule, ataichoma, kwa sababu ni mtu wa ukweli, hataweza kujificha. Nimshinde, halafu abaki na nini?" Alininyoshea kidole. "Na wewe ufunge huo mdomo."

Nilifunga. Nikawa nina kaseti ya watu wawili kwenye mkebe, na siri ya mmoja tumboni. Kwa mtu asiyetoka nyumbani, nilikuwa na mizigo mingi.

Daktari alipostaafu alihama. Lango la buluu likapata mpangaji asiyesikiza chochote, na nilidhani nitapumzika. Sikupumzika. Jumamosi saa nane nilijikuta nimeketi karibu na ukuta, nasikiza matofali.

Mwaka jana, baada ya mvua ndefu, simu ililia. Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Baba Kuku! Lete ile kaseti!"

"Mzee, mbona unapiga kelele?"

"Ati nini?"

Mama Naserian akachukua simu. Masikio yalikuwa yanaisha. La kulia lilikuwa limekwisha kabisa, la kushoto hospitali walisema lina miezi, pengine wiki. Hakuna dawa. Miaka yote ya stoo ile, au umri tu, hakuna aliyejua. Kitu alichokuwa akitaka kabla mlango haujafungwa ni kusikia kaseti ile.

Kama ningekuwa mtu mwema tu, ningeiweka kwenye bahasha siku hiyohiyo. Lakini nilikuwa nimeshika neno la watu wawili miaka sita, na ndicho kitu kikubwa nilichowahi kushika. "Mwambie," nikasema, "haitoki mpaka waje wawili." Nilimsikia Mama Naserian akimpigia kelele hayo maneno sikioni. Nilimsikia mzee akinitukana kwa Kimaa. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, ile ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "Basi yeye amwambie Pasta. Mimi siwezi."

Nilivuka barabara. Wanaonijua wanajua uzito wa sentensi hiyo. Nilimkuta Pasta kanisani akipanga viti, nikamweleza yote, isipokuwa siri. Alipanga viti vitatu vingine kabla ya kujibu.

"La kulia limekwisha?"

"Kabisa."

"Kesho saa tatu. Uwe umevaa viatu."

Redio ya gari, ya zamani ya kaseti, ilikuwa imezimwa. Nilishika mkebe kwenye magoti kama mtu anayebeba mayai. Tulipita Isinya, tukapita mji wa Kajiado, tukaingia barabara ya vumbi iliyokuwa ya matope wiki hiyo, na kwenye lango la miiba alikuwa amesimama mtu mmoja mwembamba, amevaa tai na gambuti. Alikuwa hajaitwa na ng'ombe yeyote.

Pasta alishuka. Walisimama wakiangaliana, na mbuzi mmoja akapita katikati.

"Sopa," Pasta akasema, akimsalimia kwa Kimaa.

Daktari aliangalia midomo yake. "Ipa," akajibu. Halafu, kwa kelele, "Umezeeka!"

"Na wewe umekuwa kiziwi!"

"Ati?"

"NIMESEMA UMEKUWA KIZIWI!"

"Hiyo nimesikia!"

Tuliketi sebuleni. Redio iliwekwa juu ya stuli, nami nikafungua mkebe mbele yao, kaseti ikatoka na harufu ya majani ya chai. Mama Naserian aliiingiza. Sauti ilifunguliwa mpaka mwisho, kuku wa watu wakakimbia. Daktari alielekeza sikio la kushoto. Tulimwangalia. Uso wake haukubadilika. Alisogea karibu zaidi, na bado.

"Imeanza?" aliuliza.

Alitazama nyuso zetu. Akajua. Polepole alinyosha mkono, akaweka kiganja kwenye spika, akafunga macho, kama kwenye ubavu wa ng'ombe. Alikaa hivyo.

"Ngoma iko," akasema. "Ngoma naipata. Maneno hayako."

Ulikuwa upande wa kwanza. Wale wa nywele ndefu. Mwimbaji wao alikuwa mmoja wa zile nyuso nne za ukutani.

Pasta alivua koti. Alilikunja, akaliweka kwenye mkono wa kiti, akapiga magoti sakafuni kando ya Daktari, akaweka mdomo kwenye sikio lile la kushoto na kuanza kuimba. Aliimba yote. Hakuruka neno, hata pale kwenye wimbo wa tatu ambapo kadi ilisema matusi kidogo. Aliyajua maneno yote, mtu ambaye hakuwa ameyasikia kwa miaka sita. Jasho lilimtoka. Sauti ya mahubiri ilikuwa kubwa, lakini sikio lile lilihitaji kubwa zaidi, na akatoa kubwa zaidi. Jirani mmoja alichungulia mlangoni kuona kama kuna mtu anaombewa.

Daktari hakufungua macho. Mara moja tu aliinua kidole.

"Hapo umechelewa."

"Sijachelewa!"

"Ngoma inaniambia umechelewa. Rudia."

Akarudia.

Wimbo wa mwisho ukaisha, zikaja zile sauti zao za zamani, wakibishana kwenye kaseti. Pasta alinyamaza, kwa sababu hayo hayaimbwi.

"Mbona umenyamaza?" Daktari aliuliza. "Kuna nini hapo?"

"NI WEWE! UNANIAMBIA NINYAMAZE, UNAREKODI!"

"Na ulinyamaza?"

Pasta alisikiza kidogo. "HAPANA."

Daktari alicheka mpaka tai ikapinduka begani. Upande wa pili tuliupiga baada ya chakula, na Pasta aliuimba huo pia, na jua lilipoanza kushuka nilirudishiwa kaseti mkononi.

"Si mkae nayo sasa?" nikasema.

"Ikibaki hapa," Daktari akasema, "huyu atakuja kufanya nini?" Akatuonyesha vidole viwili, akasema, "Jumamosi," kisha akatuonyesha mlango. Yaani muwe wawili, na ni Jumamosi ijayo. Mimi na viatu vyangu tukaelewa.

Tulikuwa tumekaribia Isinya Pasta alipofungua kisanduku cha gari, akatoa kaseti na kuisukuma kwenye redio. Ilikuwa ya kofia nyeusi. Niliangalia nje, nikavaa uso wa mtu asiyejua kitu, ambao ndio uso wangu wa kila siku.

"Huyu ni wa upande ule mwingine," Pasta akasema. "Unajua?"

"Upande gani, Pasta?"

"Wacha kujifanya. Kijana wangu alinionyesha kwa simu, mwaka juzi."

"Na hukuichoma?"

Alipunguza mwendo, ng'ombe walikuwa wanavuka. Alichukua kasha tupu, akaniwekea mapajani, akagusa kwa kidole gumba yale mapengo mawili kwenye kona.

"Angalia sikio," akasema. "Hii si yangu. Mimi nakamua tu."